Ufunguo Mdogo Juu ya Kioo cha Simu

Kwanza naomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na herufi l na r hunichanganya kwa sababu nyumbani tunaongea Kisukuma. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, sentensi moja pasi ikiwa inapata moto, nyingine mteja akiwa nyuma ya pazia anajaribu gauni. Utakapokuta neno nimelikosea, lisome kama lilivyopaswa kuwa, usinicheke sana.

Ninayemwandika ni mzee mmoja wa hapa Katoro. Jina lake silitaji, na mbele mtaona kwa nini. Mtaani tulimwita Mzee wa Waifai. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, wapo wanaojua. Mimi nakijua kibanda chake, kwa sababu cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza hilohilo. Kati yetu palikuwa na ukuta wa bati wenye matundu ya misumari ya zamani. Kila kilichosemwa kwake kilifika kwangu.

Aliuza vocha za intaneti. Juu ya bati aliweka sahani ndogo inayotazama mnara, na wafanyabiashara wa soko, mabroka wa dhahabu na vijana wa bodaboda walikaa kwenye benchi lake wakitumia simu. Lakini hakuwa mtu wa kukupa vocha na kukuacha. Alikuuliza kwanza: "Ufunguo umewaka?" Maana yake ni ile alama ya ufunguo inayotokea juu kabisa ya kioo cha simu VPN ikiwa imewashwa. Kama haikuwepo alikunyooshea kidole na kukuonyesha jinsi ya kuiwasha, hata kama una haraka, hata kama wewe ni mtu mzima mwenye gari nje. Watu walimchoka. Wengine walihamia kwenye kibanda cha upande wa pili wa barabara, ambako hukuulizwa kitu.

Ukali huo ulikuwa na chanzo. Siku moja mtu asiyejulikana alikaa karibu na benchi na simu iliyorusha intaneti yenye jina lilelile la kibanda cha mzee. Wateja wakajiunga nayo bila kujua. Broka mmoja akafungua ukurasa anaoujua, ukaja unaofanana nao, akaweka namba yake ya siri. Alichopoteza sikukijua, ila nilimsikia kupitia matundu ya misumari akilia kama mtoto, na mzee akimwambia akae, anywe maji. Tangu siku hiyo ufunguo ukawa sheria.

Mimi ni mtu wa aibu na sauti yangu ni ndogo. Yeye masikio yake yalikuwa mabovu. Ujana wake aliumaliza chini ya ardhi kwenye kazi ya baruti, na mlipuko ulimla usikivu kidogo kidogo. Hakukubali. Ukimwambia hasikii alisema mtandao unasuasua, hata kama mnaongea mmesimama uso kwa uso. Basi mimi na yeye tulipata njia yetu. Nilichukua kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suruali za sare, nikaandika kwa chaki ya kushonea, nikampitishia. Alisoma, akafuta kwa kiganja, akanirudishia kitambaa. Mwandiko wangu wa taratibu haukumkera hata siku moja. Alisimama tu kusubiri herufi zifike mwisho, mikono nyuma.

Siku moja nilimwandikia: VPN ni nini hasa?

Hakunijibu hapohapo. Alikuja kesho yake, baada ya shikamoo na marahaba akaomba mabaki ya kitambaa na kifungo kimoja. Akakata mifuko miwili, mmoja mdogo, mmoja mkubwa kidogo, akaniambia nishone. Kwenye mfuko mdogo alinitaka niandike jina la mtu wa Mwanza. Akatia kifungo ndani, akanionyesha niushone mdomo. Kisha akautia ule mdogo ndani ya mkubwa, akanitaka niushone na huo, na nje niandike jina la mtu mwingine kabisa, mtu wa mbali.

Akausukuma ule mfuko kutoka mwisho mmoja wa meza yangu hadi mwingine. Meza ndiyo intaneti, alisema, na intaneti ni ya wote kama barabara ya Ushirombo. Kila mwenye kusimama kando anaona kinachopita. Bila VPN anaona kifungo chako kinakwenda kwa nani, na kama hakikufungwa vizuri anaona hata rangi yake. Ukiwasha VPN anaona mfuko umepita, na jina la yule wa mbali tu. Yule wa mbali ni kompyuta iliyokubaliana na simu yako ufunguo. Inafungua mfuko wa nje, inasoma jina la ndani, inapeleka Mwanza. Jibu likirudi inalishona tena na kukuletea.

Nikaandika: Na yule wa mbali je, akiwa mwizi?

Akacheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake. Akasema hapo ndipo pabaya. Yeye anajua unakwenda kwa nani, kwa hiyo unachagua nani wa kumwamini. Zile za bure alizichukia. Alisema mtu anayekubebea mizigo yote bila malipo ana mahali pengine anapolipwa. Jinsi simu na ile kompyuta zinavyokubaliana ufunguo bila ufunguo wenyewe kupita njiani alinieleza pia, lakini hilo sikulielewa na mpaka leo silielewi.

Hayo yote aliyajulia kazini. Baada ya masikio kumtoa mgodini, kampuni moja ya wanunuzi wa dhahabu ilimchukua kulinda, kisha kusaidia fundi, kisha yeye mwenyewe akawa fundi. Walikuwa na ofisi Geita na nyingine Kahama, na kazi yake ilikuwa kuziunganisha kwa njia ya kufungwa, zikae kama chumba kimoja ingawa katikati ni intaneti ya watu wote. Aliniambia siku ya mzigo kusafiri ikijulikana na mtu asiyehusika, dereva harudi nyumbani. Aliwahi kumzika dereva. Kwa hiyo alipowakaripia watu wa benchini kuhusu ufunguo, hakuwa anajionyesha. Alikuwa anaogopa.

Kulikuwa na neno ambalo alipenda kulisema kwa wateja wanaoropoka. Broka akipiga simu na kutaja kwa sauti anakutana na nani na wapi, mzee alimgusa bega: "Mimi nafunga njia. Midomo yenu siifungi." Watu walimrudishia neno hilo kwa utani wakimwona anakunywa uji.

Sasa niseme habari ya binti yake.

Binti yake wa pekee aliolewa na mwenye duara, yaani mwenye shimo la kuchimbia dhahabu, mtu mwenye magari na vijana wa kumtumikia. Nilimwona binti mara chache. Mara ya mwisho alikuja kwangu na blauzi iliyochanika kutoka begani mpaka kiwikoni. Nilimshonea akiwa ameivaa, maana hakutaka kuivua. Ngozi yake chini ya kitambaa ilikuwa na rangi ya zambarau. Mimi sina mdomo wa kuuliza. Aliponilipa alinishika mkono akauacha hapo kidogo. Siku zilizofuata tukasikia ametoroka, na kwamba mumewe anamtafuta, amesema akimpata atamfanya asitembee tena.

Mume alikuwa akijitapa tangu zamani kwamba ana rafiki kwenye kampuni ya simu anayeweza kumwangalizia nani anampigia nani. Kama ni kweli sijui. Mzee aliamini ni kweli, na akafanya alichokijua. Alimtafutia binti simu mpya, akamfundisha kabla hajaondoka, na wakakubaliana wasipigiane kwa njia ya kawaida kamwe. Walipigiana kwa intaneti, ufunguo ukiwa umewaka huku na huko. Mwenye waifai ya huko hakuweza kujua anaongea na Katoro, na huku hakuna aliyeweza kuona sauti inatokea wapi. Hata jina la kijiji hawakulitaja. Hilo walilishika, nawaapia. Sikuwahi kulisikia kupitia bati.

Lakini mzee hakusikia vizuri. Aliiweka simu kwenye sauti kubwa, akaishika mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo, na kwa kuwa yeye hasikii aliongea kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Na kwetu salamu haikatwi. Wewe msomaji wa Shinyanga unajua. Mtoto hawezi kumsalimia baba yake akasema salama halafu akanyamaza, ni kama kumfungia mlango. Baba anauliza umeamkaje, mtoto anajibu mhola, ni amani. Kisha baba anauliza mvua, anauliza shamba, anauliza njia na maji, na mtoto anajibu kila kimoja, ndipo roho zinatulia. Mzee aliuliza vyote. Binti, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumsalimia duniani, alijibu vyote. Mvua imekuwa nyingi, imechukua daraja. Watu wanakausha tumbaku, moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia, unamwasha macho. Alhamisi usimtafute, ni siku ya mnada, nyumba inajaa watu.

Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani na nasikia. Siku moja nilisimamisha mguu, nikachukua kitambaa, nikaandika: Mzee, sauti.

Alisoma. Akageuza kioo cha simu kunionyesha, akaweka kidole juu ya ile alama ndogo. "Ufunguo umewaka, mayu," akasema, yaani mama, ndivyo tunavyowaita hata mabinti, kwa upole, kama mtu anayemtoa mtoto hofu. Akafuta chaki akaendelea kuuliza mvua.

Vijana wa bodaboda waligeuza simu zile kuwa mchezo. Hawakuwa na ubaya. Ni vijana wanaosubiri abiria juani na siku ni ndefu. Mmoja wao, mwenye pikipiki nyekundu, ambaye mzee mwenyewe alimfundisha VPN bila kumdai vocha, alikuwa hodari wa kuiga. Alivua kandambili, akaiweka mbele ya mdomo na kupiga kelele: "Mayu! Mabani yanatoa moshi? Macho je?" Mwenzake akamjibu kwa sauti ya kike: "Yananiwasha, baba! Na daraja limekwenda na maji! Alhamisi usinitafute, nina mnada!" Kijiwe kizima kikacheka. Mzee alikuwa anapita na ndoo yake ya maji. Alisimama, akaona wanavyofurahi na kandambili, akacheka nao. Hakuwa amesikia hata neno.

Mchezo mzuri hausahauliki. Yule kijana wa pikipiki nyekundu alikuwa anapeleka abiria na vifaa machimboni, na huko nako watu wanasubiri juani. Akaigiza. Nadhani hakujua duara lile ni la nani, au alijua akasahau, sikumuuliza, na yeye sasa hapiti mbele yangu. Mwenye duara alikuwa amekaa kwenye gogo anakula. Wanasema hakucheka. Alimwomba kijana arudie.

Tumbaku, daraja lililobebwa na maji, mnada wa Alhamisi. Mtu aliyezaliwa mikoa hii hahitaji zaidi. Naweza kuandika hapa kwamba ilikuwa Ushetu, kwa sababu binti hayupo tena huko.

Habari ilikuja asubuhi, benchi likiwa limejaa. Simu ya mzee iliita na yeye, kama kawaida yake, alitazama ufunguo kwanza, kisha akaiweka kwenye sauti kubwa na kupaza sauti ya furaha: "Mayu! Mhola?"

Haikuwa sauti ya binti. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, yule aliyempangisha chumba. Akasema, "Baba, mwanao ameumizwa."

Hapo mzee akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alizima sauti kubwa. Akaibana simu kwenye sikio, akaliziba la pili kwa kiganja, akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti. "Sema tena," alisema. "Sema tena, mama. Sema tena." Hakuwa anasikia chochote. Watu wa benchini walitazama chini. Aliinuka, akazunguka ukuta wa bati, akanipa simu, akaniwekea kitambaa cheusi mbele yangu na chaki juu yake.

Nikasikiliza, nikaandika. Mwanamke alikuwa anaongea haraka akilia, na mkono wangu ni mzito. Niliandika: Mume alikuja. Mzee alikuwa anasoma herufi kabla sijaimaliza, midomo yake ikitangulia chaki. Niliandika: Panga. Aliposoma hilo alishika ukingo wa meza. Niliandika: Mkono. Yu hai. Sikujua kama nianze na yu hai, na mpaka leo nafikiri ningeanza na hilo. Lakini niliandika kwa mpangilio niliousikia, kwa sababu hivyo tu ndivyo ninavyoweza kuandika.

Yaliyobaki yalikuja vipande vipande. Majirani walimwokoa, akapelekwa kituo cha afya, mkono wakaushona lakini vidole havikukunjika tena. Mume alishikwa, akaachiwa, na yupo, magari yake yanapita hapa. Binti hakukaa mpaka kidonda kipone. Muuguzi alikwenda kuleta dawa, aliporudi akakuta kitanda kitupu. Simu yake alimwachia yule mwenye nyumba, imezimwa. Hakuacha neno la kumpelekea baba yake. Wengine walisema amekasirika. Mimi nadhani alikuwa amefikiri, akaona njia pekee iliyofungwa kweli ni ile isiyopitisha kitu.

Mzee alipojua habari zilitokaje, hakumtafuta yule kijana. Watu walitegemea ugomvi, wengine walisogea karibu wauone. Aliondoa sahani juu ya bati, akakunja nyaya zake vizuri kama alivyozoea, na benchi akaniachia mimi. Mteja mmoja aliyekuwa amelipia vocha alimuuliza atatumia wapi. Mzee alimwonyesha ng'ambo ya barabara. Kisha akamwita, akamwambia awashe ufunguo akifika.

Nilimwona tena nilipokwenda Kahama kununua nyuzi na zipu. Niliambiwa anakaa Nyahanga kwa mpwa wake, nikamtafuta. Alikuwa nje, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguuni, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Simu ilikuwa juu ya paja, kioo kinawaka. Kabla sijamwamkia niliona ile alama juu kabisa. Mpwa wake aliniambia haizimi, hata anapoichaji, anaogopa binti asije akapiga akakuta njia iko wazi. Hakuna mwingine anayempigia. Ufunguo unawaka mchana kutwa, na upande wa pili hakuna mtu.

Nilipiga goti nikamwamkia. Aliitikia kwa sauti ndogo mno hata nikadhani koo linamuuma. Haliumi. Mpwa wake alisema anaongea hivyo siku hizi na kila mtu, hata akiomba chumvi, na akisikia sauti yake mwenyewe imepanda ananyamaza katikati ya neno. Basi tukawa wawili, yeye anaongea kwa mnong'ono na mimi kwa mnong'ono, na yeye hanisikii. Nilikuwa na chaki mkobani. Kitambaa cha kuandikia sikuwa nacho, nikaandika kwenye pindo la kitenge changu, juu ya goti: Amepiga?

Alisoma. Akanyoosha kiganja afute, akakumbuka ni nguo yangu nimeivaa, akaurudisha mkono. Nikafuta mwenyewe.

Baadaye akaniuliza kama bado naandika. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza kama kuna watu wanaochapa maandishi ya watu kama sisi yakasomwa mbali. Nikaandika kwamba nimesikia wapo. Akasema basi nimwandikie, si jina lake, si la binti, habari tu, ili popote alipo ikimfikia aijue kuwa ni yake na asijulikane na mwingine. Mume anajua tayari kila kilichomo, hataongeza kitu. Nikamuuliza, kwenye kitenge, nimwambie nini binti. Niliona midomo yake inaanza ile salamu ndefu, inaanza na kusimama, inaanza na kusimama.

"Mwambie mhola," alisema mwishowe. "Usimuulize mvua."

Nimeandika kama alivyonituma. Kama umesoma mpaka hapa na una mzazi asiyesikia, au una mtu uliyemficha, niandikie mnavyofanya mkitaka kusalimiana, maana sisi tulishindwa. Wanaochapa maandishi haya wanajua nilipo, na mimi nitajibu, ila polepole.

Na kama unayesoma ni wewe, uliyeniachia mkono wako kidogo ile siku ya blauzi, andika na wewe. Tumia mkono unaoweza. Usiweke jina. Usiseme kama kuna mvua huko, wala kinacholimwa, wala siku ya mnada. Andika mhola tu. Nitapanda gari mpaka Nyahanga, nitamwandikia kwenye kitambaa cheusi, na akishasoma atafuta.